Shemeji kaanzishiwa kidonge kimoja tu kwa siku, mjomba alianza na lundo. Hizi dawa za kuanzia ARV zinapangwaje?

#1 Mwanamakambako
Habari za jioni wakuu. Naomba kueleweshwa, wenye kejeli wapite tu.

Shemeji yangu alipima Jumanne, akakutwa na maambukizi ya VVU, na Jumanne hiyohiyo akarudi nyumbani na kopo jeupe la vidonge 30. Kimoja kwa siku, basi. Mimi nimelelewa na mjomba aliyeanza dawa 2007. Yeye alipimwa CD4, zile chembe za kinga, akaambiwa bado ziko juu, nenda utarudi. Akawa wa kwenda na kurudi mpaka ziliposhuka chini ya 200, akakalishwa darasa la ushauri nasaha mara tatu pamoja na mtu wa kumsimamia, ndipo akapewa dawa za asubuhi na jioni. Baadaye mashavu yakamwisha, miguu ikawa inamwaka moto, usiku analala kaitumbukiza kwenye beseni la maji.

Sasa: hicho kidonge kimoja kinatosha kweli? Nesi kamwambia "ni dawa tatu ndani ya moja". Kwa nini tatu, siyo mbili wala nne? Na nani aliamua ziwe hizo? Mjomba yeye kashikilia kuwa siku hizi wanabana matumizi. Nawasilisha.

#2 Mpita Njia
Naweka kambi hapa. Ngoja waje wajuzi.

#3 Nesi wa Zamu
Mkuu, mpe shemeji pole, na hongera kwa kutoogopa kumeza. Hilo kopo ni TLD: tenofoviri miligramu 300, lamivudini 300 na dolutegraviri 50, zote zimeshindiliwa kwenye kidonge kimoja. Hapa kwetu Tanzania tulianza kuitoa 2019. Kabla yake ilikuwa TLE, ambapo ile E ni efavirenzi.

Mjomba wako kwa maelezo hayo alianzia stavudini, lamivudini na nevirapini. Nazo zilikuwa tatu ndani ya moja, tofauti ni kwamba alimeza mara mbili kwa siku. Stavudini ndiyo iliyomla mashavu na kumwashia miguu moto. Mwishoni mwa 2009 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi ziachane nayo. Na habari ya kusubiri CD4 zishuke iliisha Oktoba 2016, tangu hapo ukikutwa na virusi unaanza.

Kwa hiyo siyo kubana matumizi. Mjomba alimeza kilichokuwepo.

#4 Fundi Hati
Nijaribu hilo la dawa tatu kwa lugha ya ardhi, maana ndiyo kazi yangu.

Chukulia kirusi ni tapeli wa viwanja. Ana karatasi yake ya uongo, anataka iingie kwenye faili la kiwanja chako pale masijala. Ikishaingia imeisha, ofisi yenyewe itakuwa inamtolea nakala kila siku kwa wino wa serikali. Ila karatasi aliyokuja nayo iko kwenye mwandiko usiokubalika masijala, lazima kwanza ainakili upya. Hapo ndipo tenofoviri na lamivudini zinapomkamatia: zinajifanya herufi halali, yeye anaziandika, kumbe kila anapoiweka moja sentensi inakatika, hawezi kuendelea. Akipenya hapo na karatasi nzima, anamkuta dolutegraviri dirishani, karani asiyehongeka, anayekataa kuichomeka kwenye faili.

Tatizo ni mafaili yaliyoingizwa kabla hujaanza dawa. Hayo yamo, hakuna anayejua kabati gani. Ndiyo maana ukiacha dozi anarudi.

#5 Mbishi Mtulivu
Karani asiyehongeka! Mkuu #4 hiyo masijala iko wilaya gani tuhamishie viwanja vyetu?

Utani pembeni, umeeleza vizuri zinavyofanya kazi lakini swali la mleta mada hujaligusa. Wawili wanakatisha sentensi, mmoja anazuia dirishani. Kama huyo wa dirishani ni mkali hivyo, wale wawili wa nini?

#6 Fundi Hati
Kwa sababu tapeli anakosea kunakili, na kukosea ndiko kunakomwokoa. Anatoa nakala mabilioni kila siku, hahakiki alichoandika, hivyo nakala nyingi zina kasoro. Katika mabilioni hayo, ipo ambayo kwa bahati tu haiathiriwi na dawa fulani, hata kabla hujaionja. Ukimpa dawa moja, hiyo nakala inabaki peke yake uwanjani, inazaa. Ndivyo ilivyokuwa kwa AZT, dawa ya kwanza ya VVU. Ilianza kutumika 1987 ikiwa peke yake, watu wakapata nafuu ya miezi, kisha wakarudi kitandani. Kwenye mkutano wa ukimwi wa Vancouver, Kanada, mwaka 1996 ndipo dunia ilipoonyeshwa matokeo ya dawa tatu kwa pamoja. Nakala moja iwe na kasoro zote zinazotakiwa kuzikwepa tatu kwa mpigo, hiyo ni bahati nasibu ambayo kirusi hashindi kirahisi.

#7 Mjerumani Mweusi
Niko Ujerumani mwaka wa nane. Mimi nilianzishiwa Biktarvy, nayo ni kidonge kimoja chenye tatu: ndugu yake dolutegraviri, ndugu yake lamivudini, na tenofoviri ya aina nyingine yenye kipimo kidogo zaidi. Lakini jamaa ninayekaa naye alianzishiwa Dovato, dolutegraviri na lamivudini tu. MBILI. Na virusi vyake havionekani kwenye kipimo. Kwa hiyo hiyo hesabu ya bahati nasibu ya #6 ina walakini.

#8 Mbishi Mtulivu
Asante #7. Nilijua tu.

#9 Kijana wa Duka la Dawa
Msishangilie mapema. Kabla hajapewa hiyo ya mbili, huyo jamaa walimpima vitu kadhaa: wingi wa virusi usizidi laki 5, virusi vyake visiwe vimeshazoea lamivudini, na asiwe na homa ya ini aina ya B. Hili la mwisho ndilo kubwa kwetu. Tenofoviri na lamivudini zinakandamiza pia kirusi cha homa ya ini B. Lamivudini ikibaki peke yake dhidi ya ini, kirusi cha ini kinaizoea upesi.

Sasa nenda zahanati ya kijijini. Vipimo vyote hivyo utavipata siku hiyohiyo? TLD inampa mtu ulinzi hata kama hajui kuwa ana B. Na ndiyo maana nawasihi watu wasiikatishe ghafla: mwenye B akiacha, homa ya ini inaweza kulipuka upya hata kabla VVU havijarudi.

#10 Mzee wa Stavudini
Vijana mnaongea stavudini kama historia. Salimieni kwanza, mimi niliila.

#11 Mpita Njia
Shikamoo mzee!

#12 Mzee wa Stavudini
Marahaba. Nilianza 2006. Wiki mbili za kwanza nevirapini ulikuwa unapewa nusu, mara moja kwa siku, kwa kuwa ukiifungulia yote ngozi ilikuwa inaweza kukuchubuka. Mimi nilitoka vipele tu, mwenzangu tuliyeanza naye alilazwa, midomo imebabuka. Miaka miwili mbele uso ukaanza kuchongoka. Tumbo mbele, miguu kama vijiti vya kuchomea mishikaki. Mtaani hakukuwa na siri tena. Mtu akikutazama mashavu anajua umeanza lini.

Wakanihamishia efavirenzi. Nayo shughuli. Walinionya nimeze usiku, nisile mafuta mengi. Siku ya harusi ya binti wa kaka yangu nikapiga sahani mbili za pilau, nikameza, nikalala. Nikaota nabishana na trafiki. Mke wangu ananiamsha, nimesimama mlangoni, leseni mkononi, namwambia "afande andika tu". Alicheka wiki nzima.

TLD nilihamishiwa 2020. Naimeza na chai ya asubuhi, naendelea na shughuli zangu. Mashavu hayajarudi lakini. Yale yalikwenda moja kwa moja.

#13 Binti Ruvuma
😂 "Afande andika tu". Pole mzee.

Mimi shida yangu ni kinyume cha yako. Nilianza TLD moja kwa moja 2021 nikiwa na kilo 58. Mwaka na nusu, 74. Nguo zote nimegawa. Mama mkwe anafurahi anasema ndoa imenipenda. Kliniki wananiambia nipunguze wali. Hivi ni dawa au ni wali?

#14 Nesi wa Zamu
Dada, mara nyingi ni mwili kurudi ulipokuwa. Virusi vinakula nguvu, hamu ya chakula inapotea, mtu anapungua bila kujua. Vikifubazwa, kilo zinarudi. Kabla hujaugua ulikuwa na ngapi?

#15 Binti Ruvuma
61. Sikuwahi kuugua, niligundulika kliniki ya wajawazito.

#16 Kijana wa Duka la Dawa
Basi maelezo ya #14 hayamtoshi. Kuna utafiti ulifanyika Johannesburg, unaitwa ADVANCE, watu zaidi ya 1,000 ambao wote ndiyo kwanza walikuwa wanaanza dawa. Baada ya wiki 48 wanawake wenye mchanganyiko kama wa TLD walikuwa wameongezeka wastani wa kilo 3.2, wenye efavirenzi 1.7, na waliopewa dolutegraviri pamoja na ile tenofoviri mpya ya #7 wakafika 6.4. Wanawake ndio walioongezeka zaidi kuliko wanaume. Dolutegraviri inahusika, wanaume tusijifiche kwenye wali.

#17 Mbishi Mtulivu
Au tuligeuze. Labda dolutegraviri hainenepeshi mtu, ni efavirenzi iliyokuwa inakondesha. Na tenofoviri hii ya zamani nayo inasemekana inazuia kilo, ndiyo maana wa tenofoviri mpya wamefura. Ukiziondoa hizo mbili unabaki na mwili wa kawaida unaokula ugali wa kawaida.

#18 Kijana wa Duka la Dawa
Nusu uko sahihi. Kati ya watu wa efavirenzi, wale ambao miili yao inaivunja dawa polepole ndio hawakunenepa. Wanaoivunja haraka walinenepa karibu sawa na wa dolutegraviri. Hapo hoja yako inasimama. Lakini haimwelezi dada #13 ambaye efavirenzi hajawahi kuionja na amepita uzito wake wa zamani kwa kilo 13.

#19 Mzee wa Stavudini
Mkigawana hizo kilo mnikumbuke mashavuni.

#20 Wa Kisumu Ndogo
Habari zenu wa Bongo, mimi niko Kenya. Nyinyi mnazungumza kunenepa, sisi akina mama tulinyimwa hiyo dawa kabisa. Mei 2018 kulitokea habari kutoka Botswana: akina mama waliokuwa wanatumia dolutegraviri wakati wanashika mimba, watoto 4 kati ya 426 walizaliwa na kasoro ya uti wa mgongo au ubongo. Hofu ikaingia. Nilikuwa na miaka 31, nikaambiwa wewe bado uko kwa umri wa kuzaa, utaendelea na efavirenzi. Nilikuwa nimeshafunga kizazi! Hakuna aliyeniuliza. Bwanangu akapewa TLD dirisha lilelile, mimi nikabaki na kizunguzungu changu.

Julai mwaka huo wanawake wanaoishi na virusi kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Kigali wakasema wazi: tupeni maelezo na dawa za kupanga uzazi, uamuzi tutafanya wenyewe. Botswana walipoendelea kuhesabu, ikafika watoto 5 kati ya 1,683, yaani ile tofauti ilizidi kuyeyuka. Julai 2019 Shirika la Afya likasema ni ya wote, hata wanawake. Mwaka mzima nililala na majinamizi kwa ajili ya mimba nisiyoweza kushika.

#21 Binti Ruvuma
Dada #20 nimekuelewa mpaka mifupani. Hata mimi nilipoanza 2021 nikiwa mjamzito kuna ndugu alinitumia hiyo habari ya 2018 kama vile imetoka jana. Mtoto yuko salama, anasumbua tu.

Nyongeza kwa wajawazito wenzangu: zile FEFO, vidonge vya kuongeza damu. Nilikuwa nameza na TLD pamoja, alfajiri, tumbo tupu, nikijiona mwerevu. Kumbe madini chuma yanaishika dolutegraviri tumboni haiingii mwilini vizuri.

#22 Kijana wa Duka la Dawa
Sahihi. TLD itangulie masaa 2 kabla ya FEFO, au ije masaa 6 baada yake. Ukitaka kuzimeza pamoja, ziende na chakula. Kalsiamu vilevile. Na zile dawa za kiungulia za kutafuna au za maji zenye magnesiamu na alumini, hizo chakula hakisaidii, tenganisha masaa. Watu wa kisukari pia wamtajie daktari, metfomini ikikutana na dolutegraviri inapanda damuni, mwisho wa metfomini ni miligramu 1,000 kwa siku.

#23 Mpita Njia
Kumbe dawa zote za vidonda vya tumbo hazifai na TLD?

#24 Kijana wa Duka la Dawa
Sijasema hivyo. Omeprazoli haina neno. Soma taratibu.

#25 Kapteni wa Ziwa
Naongezea kifua kikuu, maana sijaona mtu kakigusa. Mimi niligundulika na vyote viwili mwezi mmoja. Kituo fulani, sikitaji, wakaniandikia TLD asubuhi na dawa za TB, wakanipa mkono wa kwaheri. Baada ya mwezi nikahamia kituo kingine kwa ajili ya kazi. Yule nesi kafungua kadi yangu, kaguna. "Na kile cha jioni kiko wapi?" Kumbe rifampisini ya TB inaichoma dolutegraviri haraka, hivyo unatakiwa uongezewe dolutegraviri 50 peke yake, masaa 12 baada ya TLD, mpaka wiki 2 baada ya kumaliza rifampisini. Mwezi mzima nilikuwa natembea na dozi pungufu.

#26 Nesi wa Zamu
Pole sana kapteni. Kwenye kadi huwa tunaandika kwa wino mwekundu kwa sababu ya visa kama chako. Kipimo cha wingi wa virusi cha miezi 6 kilisemaje?

#27 Kapteni wa Ziwa
Chini ya 50. Mungu fundi.

#28 Muhaya wa Mjini
Kwetu Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza nchini walikotambuliwa, 1983. Wakati huo ukimwi unaitwa Juliana, jina la nguo za magendo. Shangazi zangu wawili waliondoka kabla hata ya AZT kusikika Bukoba. Dawa za bure zimekuja 2004. Leo mtu analalamika amepewa kidonge kimoja, mimi nabaki namtazama.

Na msisahau kikombe cha Samunge, ile dawa ya mitishamba ya Babu wa Loliondo, 2011, shilingi 500. Wifi yetu alikunywa, akajiona mzima, makopo akayatupa chooni. Alirudi kliniki baada ya miezi minane, amekwisha, dawa za awali hazikumshika tena, akapelekwa kwenye dawa za mstari wa pili.

#29 Mbishi Mtulivu
Mkuu #28 tusimshambulie mleta mada, aliuliza kwa nia njema. Tena mjomba wake ana hoja. TLD ilichaguliwa kwa sababu ni nzuri, kweli, virusi vinashindwa kuizoea kirahisi kama vilivyoizoea efavirenzi. Lakini bei nayo ilikuwa mezani. Hizi dawa zilikuwa dola 10,000 na zaidi kwa mtu mmoja kwa mwaka, mpaka 2001 Yusuf Hamied wa Cipla, India, alipojitokeza na dola 350. Stavudini ilipendwa kwa urahisi wa bei yake wakati madhara yake yanajulikana. TLD ikatangazwa 2017 kwa dola kama 75, 2023 ikashuka chini ya 45. Siku hizi hata kiwanda cha Universal pale Kikuyu, Kenya, kinaitengeneza. Mpangaji wa dawa anaangalia ini lako na pochi yake.

#30 Kijana wa Duka la Dawa
Safari hii sikubishii. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90 nilipokea simu za watu wanaotaka kununua makopo ya akiba. Simu nyingi kuliko za malaria.

#31 Bi Mkunazini
Mie hili la kuanza siku hiyohiyo ndilo linalonikera. Mtu hajalia, hajamwambia mumewe, ushamtia kopo mkobani. Nilimuona msichana chooni pale kliniki, anabandua karatasi ya kopo kwa kucha, kisha anaufungua mtandio analifunga kopo mara tatu lisilie kama kayamba njiani. Huyo atameza kweli akifika kwao?

#32 Nesi wa Zamu
Bi mkubwa, nakuelewa. Ila nimekuwepo enzi za "nenda utarudi". Wengi hawakurudi. Haiti walilinganisha: walioanza siku ileile, asilimia 80 walikuwa bado wako kliniki baada ya mwaka, waliosubiri 72. Asiye tayari halazimishwi, tunampa siku zake. Na wapo tunaowazuia wenyewe, mtu akija kichwa kinamuuma siku nyingi na shingo imekaza, tunatafuta kwanza homa ya uti wa mgongo ya fangasi. Ikiwepo, ARV zinasubiri wiki 4 mpaka 6, kinga ikiamka ghafla kichwani inaweza kumuua.

#33 Bi Mkunazini
80 kwa 72. Sio tofauti ya kunifunga mdomo mwanangu. Hao 20 nao ni watoto wa watu.

#34 Mwanamakambako
Nimesoma yote, nashukuru. Mrejesho: shemeji yuko siku ya 16. Wiki ya kwanza alikosa usingizi, nesi akamwambia ahamishie asubuhi, sasa analala. Amepimwa homa ya ini B, hana.

Nimemsomea mjomba #29. Kakaa kimya, kisha kasema "si niliwaambia". Nikamsomea na #12 ya mzee, akataka kujua huyo mzee anakaa wapi.

#35 Mzee wa Stavudini
Mwambie nipo. Akija aje na beseni lake.